TAREHE KATIKA FOMU ZA INTANETI: HITILAFU ZAKE NA NAMNA YA KUZITAMBUA

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa masjala, hesabu na kompyuta. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wengine wa Serikali na wananchi wote wanaojaza fomu kwa njia ya intaneti.

Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo ni uandishi wa tarehe katika programu za intaneti. Kila mmoja wetu huandika tarehe mara nyingi kwa siku bila ya kuifikiria. Lakini katika utumishi wa Serikali ni nadra kupata haki ya mtu isiyopita katika tarehe. Kuzaliwa, kuandikishwa skuli, kuajiriwa, kupandishwa daraja, kustaafu, hata mirathi baada ya kufa, yote hayo husimama juu ya tarehe. Tarehe ikiharibika, haki huharibika pamoja nayo, na aghalabu mwenye haki hapati habari mpaka siku anapokwenda kuidai.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumishi amezaliwa tarehe 3 Novemba, na katika fomu ikaandikwa 3/11. Kompyuta ikaisoma kwa desturi ya Marekani, yaani mwezi mbele na siku nyuma, ikapata 11 Machi. Baina ya tarehe hizo mbili zipo siku 237. Iwapo hesabu ya kustaafu inafanywa na mashine, mtumishi huyo atatolewa katika orodha ya mishahara siku 237 kabla ya wakati wake. Hapana aliyeghushi, hapana aliyeiba, wala mashine haikuonesha alama yoyote ya kosa. Hili la mwisho ndilo nililokuja kulieleza leo: hitilafu za tarehe zenye madhara makubwa ni zile zinazopita kimya.

Chanzo chake ni hitilafu ya desturi. Sisi huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kama wanavyofanya Waingereza. Wamarekani hutanguliza mwezi. Wachina na Wajapani hutanguliza mwaka. Kila desturi ina watu wake na haina ubaya ndani ya mipaka yake. Lakini sehemu kubwa ya programu tunazozitumia zilitungwa Marekani, na kompyuta mpya inapofunguliwa mara nyingi huwa imewekwa katika Kiingereza cha Marekani, nayo hubakia hivyo mpaka inachakaa kwa kuwa hapana aliyeambiwa aibadilishe.

Tuzitazame tarehe zetu wenyewe tunazozijua kwa moyo. Siku ya Mapinduzi, 12/1/1964, ikisomwa kwa Kimarekani inakuwa 1 Desemba 1964. Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961, unakuwa 12 Septemba. Zote mbili ni tarehe halali, kwa hiyo mashine inazipokea na kushukuru. Siku ya Muungano, 26/4/1964, haigeuki, kwa kuwa hakuna mwezi wa 26, na mashine itaikataa. Mtu asiyeijua kazi hii hukasirika fomu inapomkataza, kumbe kukatazwa huko ndiko kunakomwokoa.

Ama Saba Saba na Nane Nane, hizo hazina pa kugeukia. 7/7 ni 7/7 hata ikisomwa kutoka wapi. Fundi anayejaribu fomu yake kwa 7/7 au 8/8 atatoka akiamini kuwa kazi imekamilika, na fomu itafunguliwa kwa wananchi ikiwa na kasoro ile ile. Ndiyo maana nawaomba sana wale wanaopokea kazi kutoka kwa mafundi wasikubali jaribio la tarehe moja. Jaribuni kwa 12 Januari, kisha kwa 26 Aprili, kisha kwa 29 Februari ya mwaka mrefu, kisha kwa 31 Desemba.

Ukubwa wa hatari hii unapimika kwa hesabu ya skuli. Siku zinazoweza kusomwa kwa namna zote mbili ni zile za kuanzia tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, nazo ni 144 kwa mwaka. Kati ya hizo, 12 ni kama Saba Saba, hazibadiliki. Zinabakia 132 zinazogeuka bila ya kelele, na katika mwaka wa siku 365 zinabakia 221 ambazo mashine itazikataa au itaziacha tupu. Kutokana na hesabu hii twapata kipimo kizuri cha uchunguzi. Mkiona katika orodha ya majina kwamba watu wenye tarehe 13 na kuendelea hawana tarehe kabisa, au wameandikiwa sifuri tupu, msifikiri kuwa walio na tarehe wamesalimika. Mapengo yale ni ushahidi dhidi ya waliobakia, kwa maana yanaonesha kuwa orodha nzima ilisomwa kinyume.

Watumishi wa masjala na hesabu mtaliona jambo hili hasa katika Excel, pale mnapofungua faili la maandishi lililotoka katika mfumo mwingine kwa kulibonyeza mara mbili tu. Katika kompyuta iliyowekwa Kimarekani, safu ya tarehe hujigawa. Nyingine huegemea kulia mwa kisanduku, nyingine huegemea kushoto. Jicho hupenda zile za kulia, kwa kuwa zimekaa kama tarehe. Kumbe zilizoegemea kushoto ni maandishi yaliyoachwa kama yalivyokuja, na zilizoegemea kulia ndizo zilizogeuzwa. Ukilihifadhi faili hilo umeziharibu. Lifungeni bila ya kuhifadhi, kisha mliingize upya kwa njia ya kuagiza data, na hapo mtaulizwa safu ile ina mpangilio gani. (Wala tusijione wanyonge. Programu hiyo hiyo ilikuwa ikigeuza majina ya baadhi ya jeni za binadamu kuwa tarehe, kwa sababu yalianza kwa herufi zinazofanana na Machi na Septemba kwa Kiingereza, hata mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina hayo wakaamua kuyabadilisha majina yenyewe.)

Sasa niingie kwenye fomu za intaneti. Tarehe katika fomu hupita milango minne. Mwananchi huiandika katika kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa. Kivinjari huipeleka kwa programu iliyomo katika seva. Programu huitia katika kanzidata. Kisha siku nyingine hutolewa humo na kuoneshwa kwa mtu. Kuitafuta hitilafu ni kuuliza swali moja tu: tarehe ilibadilika katika mlango gani? Fundi anayeanza kurekebisha kabla ya kulijibu swali hili hubahatisha, na akibahatisha vizuri ni hatari zaidi, kwa kuwa atafikiri amefahamu.

Mlango wa kwanza una jambo linalowababaisha wengi. Kisanduku cha kuchagulia tarehe, kile kinachofungua kalenda ndogo, huonesha tarehe kwa desturi ya kivinjari cha mtumiaji. Maafisa wawili waliokaa meza moja wanaweza kuona tarehe moja kwa sura mbili. Hata hivyo kinachopelekwa kwenye seva ni kimoja siku zote: mwaka wa tarakimu nne, kistari, mwezi, kistari, siku, mfano 1964-01-12. Kwa hiyo kisanduku hicho ni cha kutegemewa kuliko kisanduku cha maandishi ambacho kila mtu huandika apendavyo, hata kama sura yake inatukera.

Katika mlango wa pili upo mtego unaostahili kujulikana na kila fundi anayetumia lugha ya PHP. Amri yake ya kufasiri tarehe, iitwayo strtotime, huamua desturi kwa kuangalia alama iliyotumika. Ikikuta mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari, huisoma tarehe kwa Kimarekani. Ikikuta kistari, husoma siku kwanza. Basi 5/3/2024 kwake ni 3 Mei, na 5-3-2024 ni 5 Machi. Mwandishi mmoja wa masjala akipenda mkwaju na mwenzake akipenda kistari, majalada ya ofisi moja yatakuwa na hesabu mbili. Dawa yake ni fundi kuiambia programu wazi wazi mpangilio anaoutarajia, na kukataa chochote kisichofuata mpangilio huo. Asiiachie mashine ikisie.

Mlango wa tatu ni kanzidata. MySQL, inayotumika sana, hutaka tarehe kwa mpangilio wa mwaka kwanza. Zamani ilikuwa ikipewa tarehe isiyofahamika huandika 0000-00-00 na kuendelea na kazi. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 desturi yake ni kukataa, lakini mafundi wengine huizima hali hiyo ya ukali kwa kuwa inawasumbua. Naomba isizimwe.

Sasa nieleze hitilafu ya pili, ambayo kwa visiwa vyetu naiona kuwa ya hatari sawa na ile ya kwanza. Hii ni tarehe kupungua siku moja. Mwananchi amechagua 1 Julai, amehakikisha kwa macho yake, amepeleka. Akifungua kesho anakuta 30 Juni. Wapo wanaomlaumu mwananchi.

Kinachotokea ni hiki. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, ile inayojulikana kwa herufi UTC. Inapotimia saa sita za usiku hapa, na siku mpya kuanza kwa hesabu ya ofisi, saa ya ulimwengu bado ni saa tatu za usiku wa siku iliyotangulia. Na lugha ya JavaScript, inayotumika ndani ya kivinjari, tangu ilipotungwa mwaka 1995 chombo chake cha tarehe hakiijui tarehe isiyo na saa. Ukikipa 1 Julai, hukifanya kuwa 1 Julai saa sita za usiku. Fundi kisha hutumia amri iitwayo toISOString ili kuiandika kwa mpangilio wa kimataifa, na amri hiyo huigeuza kuwa saa ya ulimwengu, ikapatikana 30 Juni saa tatu za usiku. Fundi hukata herufi kumi za mwanzo, ambazo ni tarehe tupu, na kuzihifadhi. Saa imetupwa, tarehe isiyo sahihi imebaki.

Watu wa hesabu watanifahamu upesi. Mwaka wetu wa fedha huanza 1 Julai. Hati ya tarehe hiyo ikirudi nyuma siku moja, imeingia katika mwaka uliokwisha kufungwa.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu huianza siku magharibi jua linapokuchwa, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na mgeni aliyealikwa karamu kwa maneno hayo huweza kufika siku ya pili akakuta masufuria yameoshwa. Sisi tunajua kwamba saa moja yaweza kuwa na tarehe mbili kwa hesabu mbili. Tatizo ni kuzichanganya hesabu hizo bila ya kusema.

Upo upande mwingine wa kosa hili unaoonekana usiku tu. Programu inayoiuliza seva "leo ni tarehe gani", na seva ikaenda kwa saa ya ulimwengu, itajibu kwa usahihi kuanzia saa tisa za usiku hadi saa sita za usiku unaofuata. Baina ya saa sita na saa tisa za usiku itajibu tarehe ya jana. Ofisi nyingi zimefungwa wakati huo, kwa hiyo kosa laweza kuishi miaka bila ya kuonekana. Lakini hospitali hazifungwi. Mtoto aliyezaliwa saa nane za usiku na kuandikwa papo hapo katika mfumo wa namna hiyo atapewa siku ya kuzaliwa isiyokuwa yake.

Fundi akielezwa kuwa tarehe inapungua siku moja, dawa inayomjia haraka ni kuongeza moja. Dawa hiyo ikataliwe. Itafanya kazi Unguja na Pemba, na itafanya kazi Maskati, ambako wako saa nne mbele. Lakini ndugu yetu aliyeko London akiijaza fomu hiyo hiyo mwezi wa Januari, saa yake ni sawa na ya ulimwengu, tarehe yake haikupungua, na siku iliyoongezwa itamsukuma mbele. Aliyeko Toronto naye, aliye nyuma ya saa ya ulimwengu, atasukumwa mbele vile vile. Na huyo wa Toronto ana kosa lake mwenyewe la kinyume: JavaScript ikisoma 2025-07-01 peke yake huihesabu kuwa ni mwanzo wa siku kwa saa ya ulimwengu, ambao kwake ni 30 Juni saa mbili za usiku, basi huoneshwa tarehe pungufu ilhali kanzidata ina iliyo sahihi. Tiba ya kweli ni kutenganisha vitu viwili. Tarehe ya kuzaliwa, ya kuajiriwa au ya hati haina saa, na isitiwe saa katika mlango wowote. Ipelekwe na ihifadhiwe kama ilivyoandikwa. Tukio lenye saa, kama vile wakati fomu ilipopokelewa, lihifadhiwe kwa saa ya ulimwengu na ligeuzwe kuwa saa yetu wakati wa kuonesha tu.

Zipo hitilafu nyingine nitakazozipitia kwa haraka, kwa kuwa kila moja ina alama yake. Tarehe ikizidi au ikipungua mwezi mmoja kamili, fahamuni kuwa JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri: Januari ni 0 na Desemba ni 11. Tusicheke sana, kwani na sisi Shawwal, ambao ni mwezi wa kumi kwa Waarabu, tunauita Mfunguo Mosi, na Jumamosi yetu ni siku ya kwanza ilhali mashine hiyo huipa namba 6. Tarehe zote zikiwa za Januari 1970, kuna aliyechanganya sekunde na elfu za sekunde, maana mashine nyingi huhesabu wakati tangu 1 Januari 1970, nyingine kwa sekunde na nyingine kwa elfu zake. Mtu akiandika 31 Februari 2023 na mfumo ukaonesha 3 Machi, programu imezisogeza mbele siku zilizozidi badala ya kuzikataa. Dakika zikifanana na namba ya mwezi, fundi amekosea herufi ya mpangilio, kubwa kwa ndogo. Na mwaka ukiruka mbele mwishoni mwa Disemba tu, kwa mfano 31 Desemba 2024 kuandikwa 2025, ametumia herufi za mwaka wa wiki badala ya mwaka wa kalenda, kwa kuwa wiki ya kwanza ya 2025 ilianza Jumatatu ya 30 Desemba 2024.

Kuhusu saa zetu za Kiswahili, nasema jambo moja. Tangazo la zabuni linaposema mwisho ni saa 4:00 asubuhi, na mtu akatia 4:00 katika mfumo, mashine itaifunga zabuni saa kumi za alfajiri, saa sita kabla ya wakati. Katika fomu iandikwe 10:00, na maelezo ya pembeni yaseme saa nne asubuhi.

Ama tarehe za Hijria, vivinjari vya siku hizi vinaweza kuzionesha, lakini kwa hesabu iliyopangwa kabla. Mwezi wetu huandama kwa kuonekana. Kwa hiyo mfumo usiachiwe kujaza wenyewe siku ya Idd. Iingizwe na afisa baada ya kutangazwa.

Ushauri wangu kwa ofisi zetu ni kuwa mashine ipewe mpangilio wa mwaka, mwezi na siku wenye vistari, ambao ulitangazwa kuwa kipimo cha kimataifa kwa namba ISO 8601 mwaka 1988. Una faida ya ziada kwamba majalada yakipangwa kwa majina, yenyewe hukaa kwa mfuatano wa wakati. Mtu aoneshwe jina la mwezi kwa herufi, 12 Januari 1964, kama zinavyoandikwa barua zetu. Vivinjari vina majina ya miezi kwa Kiswahili chini ya alama ya sw-TZ, kwa hiyo hakuna udhuru wa kumwonesha mwananchi tarakimu tupu.

Kwa kumbukumbu zilizokwisha kugeuzwa, hapana programu itakayoweza kuzirudisha kwa yakini. 11 Machi ya kweli na 11 Machi iliyogeuzwa zinafanana kama shilingi kwa shilingi. Iwapo haijulikani ni fungu gani liliingizwa kinyume, itabidi kurudi kwenye jalada la karatasi na cheti cha kuzaliwa, jina kwa jina, tukianzia kwa wanaokaribia kustaafu. Mpaka kazi hiyo imalizike, majalada hayo ya karatasi yasiteketezwe.

Na wewe mwananchi au mtumishi unayeikuta tarehe yako si sahihi, usiirekebishe mwenyewe na kunyamaza. Mpelekee fundi mambo manne: tarehe uliyoiandika, tarehe unayoiona sasa, saa uliyoijaza fomu, na mahali ulipokuwa pamoja na aina ya kompyuta au simu uliyoitumia. Picha ya skrini peke yake humwonesha mlango wa mwisho tu.